Kompyuta Bora Ni Ile Inayokuja

Kaeni niwasimulie, ijapokuwa mambo yenyewe mtu mwenye haya angeyameza akanywea maji. Kulikuwa na nchi, na nchi yenyewe bado ipo, maana waliohusika bado wanapokea mishahara. Jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa, la hasha. Ni kwamba nina familia.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Chuo cha Taifa cha Kompyuta, na mimi, Mbaruku Kidege, ndiye niliyekuwa mkuu wa chuo, mwalimu wa chuo, na Mshauri wa Serikali katika jambo lolote lenye neno kompyuta ndani yake. Chuo kilikuwa na bango, bendera, kengele, wimbo wa beti sita na wanafunzi arobaini na mmoja. Kilichokosekana ni kompyuta tu. Wala msidhani ni umaskini. Fedha za kununulia zilikuwepo tangu mwaka wa kwanza, zimetulia benki. Tulikuwa tunasubiri iliyo bora zaidi.

Mtaniuliza: wewe Mbaruku, kompyuta uliijulia wapi? Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, basi nivumilieni.

Nilikuwa mwalimu wa taipureta. Binamu yangu aliyekuwa ng'ambo aliwahi kututumia nguo kuukuu, akazipakia ndani ya boksi lililokuwa na picha ya kompyuta. Nguo tukavaa, boksi nikaliweka juu ya kabati la sebuleni kwa sababu lilikuwa zuri. Mama yangu alipofariki watu wakaja matangani, na miongoni mwao akaja Mheshimiwa Shomvi Kitwana, Waziri wa Mambo Yajayo, ambaye alikuwa akipita tu akielekea kwingine, akasikia harufu ya pilau. Alipoinua kichwa kuomba dua akaliona boksi. Akanitazama mimi, akalitazama tena, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Wiki iliyofuata redio ikatangaza jina langu baada ya taarifa ya habari.

Wallahi, nilikusudia kwenda kusema ukweli. Nilivaa mpaka viatu. Lakini njiani kila niliyekutana naye alinipa hongera, na mtu akishapokea hongera ya tano, kusema ukweli kunakuwa kama utovu wa adabu. Nikarudi nyumbani nikala. Kesho yake nikaanza kazi.

*

Jambo la kwanza lilikuwa kujenga Chumba cha Kompyuta. Nacho kilijengwa, tena kizuri: madirisha ya vioo, pazia la kijani, feni mbili za kupooza joto la kitu ambacho hakijafika. Katikati tukaweka meza, na juu ya meza kitambaa cheupe cha kufuma alichotupa mke wa Waziri kwa mkono wake mwenyewe.

Katika nchi ile kila mtu alijua jambo moja kuhusu kompyuta: kwamba haitaki vumbi. Hivyo mtu haingii na viatu. Tukaajiri Afisa Viatu, mzee mmoja mkali kwelikweli, akakaa mlangoni na daftari. Wageni wakaja kutoka kila wilaya. Wanavua viatu, wanaandikishwa, wanaingia kwa kunyata, wanasimama mbele ya meza tupu wakizungumza kwa kunong'ona. Nilimwona kwa macho yangu mkuu wa wilaya mmoja, mtu wa miraba minne, akijizuia kupiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Alipotoka nje akasema, "Mwalimu, mmefika mbali." Nami nikajibu kwamba tunajitahidi.

Masomo yalikuwa yakiendelea. Fundi seremala alituchongea vibao arobaini na kimoja vyenye herufi, na hapo kidogo nilijua ninachofundisha, maana herufi zilikuwa zilezile za taipureta. Wanafunzi waligonga mbao zile kwa kasi ya ajabu. Ukipita nje ungedhani mvua imeanza. Kioo cha kompyuta tulikichora ubaoni kwa chaki, na mwanafunzi akimaliza kugonga, mimi nilikwenda ubaoni nikaandika mle ndani ya mraba kile alichodai amekiandika. Tulikuwa na adabu ya kuaminiana.

*

Kila mwaka, mwezi wa tano, ilikutana Kamati ya Taifa ya Kuamua Iwapo Tununue Sasa au Tusubiri. Ilikuwa na wajumbe kumi na saba na chai ya maziwa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Waziri, na mtaalamu nilikuwa mimi.

Mwaka wa kwanza kulikuwa na mjumbe mmoja, bwana shamba mstaafu, aliyenyoosha mkono akasema, "Mheshimiwa, wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo." Mwezi haukuisha, tangazo la serikali likatoka kwamba methali hiyo imesitishwa matumizi katika ofisi zote za umma, mashuleni na harusini, mpaka hapo itakapotangazwa vinginevyo. Zikabaki *subira yavuta heri* na *mvumilivu hula mbivu*, nazo zikabandikwa ukutani. Bwana shamba hakuonekana tena kwenye chai.

Mwaka wa tatu ndio ulionitoa jasho. Wakala mmoja wa ng'ambo, Bwana Pinto, mtu wa vitendo, hakuleta karatasi kama wenzake. Alileta kompyuta yenyewe. Akaifungua pale pale mezani, akachomeka nyaya, akapangusa mikono yake, akasema, "Ndugu Mshauri, tafadhali iwashe mwenyewe, wajumbe waone."

Mtume! Mkono wangu wa kushoto ukaanza kutetemeka, nikauficha mfukoni. Wajumbe wote wananitazama. Wanafunzi wangu wamejazana madirishani. Nikaizunguka ile mashine polepole. Nikainama, nikaitazama mgongoni. Nikaguna. Nikaizunguka tena kwa upande wa pili, maana miguu ilikuwa bado inakubali kutembea.

"Bwana Pinto," nikasema, "hii imetengenezwa lini?"

"Mwezi wa tatu, ndugu."

"Na huu ni mwezi wa ngapi?"

"Wa tano."

Nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari anayewatazama ndugu wa mgonjwa. "Miezi miwili," nikawaambia wajumbe. "Mheshimiwa, mashine hii imeshazeeka. Kuna nyingine inakuja."

"Lakini, ndugu yangu," akasema Bwana Pinto, "kila siku kutakuwa na nyingine inakuja!"

"Mnasikia?" nikasema. "Anakiri mwenyewe."

Makofi yalipigwa mpaka vikombe vikarukaruka. Waziri akasimama, akavuta koti lake, akatoa ile hotuba ambayo mpaka leo watoto wanaikariri shuleni:

"Ndugu wajumbe! Wenzetu walikurupuka. Walinunua kompyuta mwaka juzi, leo zimepitwa na wakati. Walinunua jana, leo zimepitwa na wakati. Sisi je? Sisi hatujapitwa na wakati, kwa sababu hatujanunua! Nani atatuonyesha kompyuta mpya kuliko ya kwetu? Hakuna! Kompyuta bora ni ile inayokuja, na inayokuja ni yetu!"

Tulipotoka nje akanishika bega, akanivuta pembeni, nyuma ya tangi la maji. "Mwalimu," akaninong'oneza, "umeniokoa. Niliogopa yule bwana angeniomba mimi ndiye niiwashe." Akacheka, nami nikacheka naye. Kilikuwa kicheko cha watu wawili waliokutana usiku ndani ya banda la kuku la jirani. Kuanzia siku ile nilijua kwamba hatutanunua kamwe, na nikalala vizuri, jambo ambalo leo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

*

Sasa niwaeleze habari za Mwajabu Kitojo, kwa maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mwajabu alikuwa mtu mzima, mwenye mtoto mmoja, fundi cherehani wa mjini hapohapo. Barazani pake ndipo mtaa mzima uliposhonewa sare za shule. Aliposikia redioni kwamba atakayehitimu chuo changu atapewa kazi ya serikali kwa maisha yake yote, aliiuza cherehani yake ili alipe ada na mtoto asilale njaa. Wenzake walimwambia, "Shoga, unauza jembe msimu wa mvua!" Yeye akasema mtoto wake hatakuja kushonea watu barazani. Kwa hiyo muelewe: yule mwanamke alikuwa hana pa kurudi. Cheti changu ndicho kilichokuwa kimebaki.

Alikuwa mwanafunzi bora. Ila alikuwa na tabia moja ya mafundi, kwamba kitu alitaka akiguse.

Siku moja, baada ya habari ya Bwana Pinto, alinyoosha mkono darasani. "Samahani, mwalimu. Ile ya mezani kwa nini hatukuichukua?"

"Imeshapitwa, Mwajabu. Kuna nyingine inakuja, yenye nguvu zaidi."

"Sawa, mwalimu. Lakini cherehani yangu niliinunua ikiwa kuukuu, na mwaka uleule zikatoka mpya, za umeme. Nikasema nitazinunua Mungu akijaalia. Ile kuukuu ikanishonea miaka minane. Hiyo inayokuja, mwalimu, sasa hivi inashona nini?"

Darasa likaguna. Mimi nikapandisha miwani. "Mwajabu," nikasema, "kompyuta si cherehani." Akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaanza kugonga kibao chake. Wenzake wakamcheka, na mimi nikawaacha wamcheke. Ningeweza kuwanyamazisha kwa kukohoa tu.

*

Ikafika siku ya mtihani wa taifa. Karatasi niliitunga mimi, nikaisimamia mimi, na kusahihisha nikasahihisha mimi, kwa vile hapakuwa na mtaalamu mwingine. Swali la nne ndilo lililokuwa la kufa na kupona, maana aliyelikosa alihesabiwa ameukosa mtihani mzima. Kanuni hiyo nayo niliitunga mimi. Swali lenyewe lilisema: *Eleza, kwa uzoefu wako, hatua za kuwasha kompyuta.*

Nilijifungia ndani ya Chumba cha Kompyuta, miguu peku, na kalamu nyekundu mkononi. Mmoja aliandika kwamba hatua ya kwanza ni kuvua viatu. Mwingine akasema unaigonga mgongoni mara mbili, kwa upole, huku ukiwa umeelekea mashariki. Kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri sana alieleza kwamba kompyuta haiwashwi, bali inaombwa. Wote arobaini niliwapa alama zote, kwa maana sikuwa na la kuwakosolea.

Ya mwisho ilikuwa karatasi ya Mwajabu. Naijua kwa moyo. Aliandika hivi:

*Sina uzoefu. Sijawahi kuwasha kompyuta, na niliyoiona ni ile moja tu, kupitia dirishani. Nadhani hata mwalimu wetu hajui kuiwasha, kwa sababu siku ile mkono wake wa kushoto ulitetemeka kama wangu nilipokaa kwenye cherehani mara ya kwanza. Sisemi kwa kumdharau. Kutokujua si kosa. Naomba inunuliwe hata iliyozeeka, tukae chini, mwalimu na sisi, tujifunze pamoja. Hilo ndilo jibu langu la swali la nne.*

Nilisoma mara moja, nikasimama. Nikasoma mara ya pili nimesimama. Feni zinazunguka, kitambaa cha mke wa Waziri kinapepea juu ya meza. Jamani, niliona aibu! Si aibu ya kukamatwa. Hiyo naifahamu, inapita. Ilikuwa aibu ya mtu aliyeonwa uchi na mwenzake, na mwenzake, badala ya kucheka, akamnyooshea shuka.

Jibu lile lilikuwa sahihi. Kati ya karatasi arobaini na moja, lilikuwa ndilo jibu pekee la kweli. Alama moja tu ingemtosha kufaulu. Lakini karatasi zote zilikuwa zinakwenda kwa Mheshimiwa Waziri, naye alipenda kusoma. Nikimpa Mwajabu alama, nimetia sahihi chini ya maneno yake. Nikimnyima, maneno yake ni kelele za mwanafunzi aliyefeli, na nani anasoma karatasi ya aliyefeli?

Nilikaa hapo tangu asubuhi mpaka Afisa Viatu akagonga mlango kuuliza kama viatu vyangu avitunze au nitavaa. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikaandika sufuri, nzuri, ya mviringo, na pembeni yake: *Mtahiniwa hakujibu swali.*

*

Mahafali yalifana. Arobaini walivaa majoho, wakapiga picha mbele ya meza tupu, wakapangiwa kazi wilayani, ambako nasikia kila mmoja amejengewa chumba chake na amepewa afisa viatu wake. Mimi nilivikwa nishani. Waziri alisema hakuna nchi nyingine yoyote duniani ambako wahitimu wa kompyuta hawajaharibu hata kompyuta moja.

Mwajabu hakuwepo. Nilikuja kumwona baada ya miezi miwili, nikitoka sokoni. Alikuwa amekaa barazani kwa fundi mwingine, mwanamke ambaye Mwajabu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akimshonea vifungo kwa mkono, na mtoto wake kalala juu ya vitambaa chakavu. Nikavuka upande wa pili wa barabara. Nilijifanya nasoma bango la sabuni mpaka nikalimaliza, nikalianza tena.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, nikasikia hodi. Nikaenda mwenyewe kufungua. Alikuwa Mwajabu, amejifunga khanga mbili, na pamoja naye mjomba wake, Mzee Bakuza, ameshika kuku jike mweupe aliyefungwa miguu. Nikajua yamefika. Nilijiambia: Mbaruku, leo utatukanwa mbele ya mkeo, na ni haki yako. Kusema kweli nilipata hata nafuu. Nikawakaribisha ndani kama mtu anayekaribisha adhabu yake.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Mwajabu, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Marahaba. Kaa kwenye kiti, mama."

Hakukaa. Mzee Bakuza akakohoa. "Mwalimu," akaanza, "sisi si watu wa maneno mengi. Huyu binti yetu alikukosea. Alituficha, lakini juzi amekuja kunieleza mwenyewe alichokiandika kwenye karatasi ya serikali. Nikasema, ala! Mwalimu wako unamwandika hivyo? Nimemleta akuombe radhi. Na huyu kuku ni wa nyumbani, si wa kununua."

"Mzee wangu..." nikasema.

"Mwache aseme, mwalimu. Moyo wake haujatulia."

Mwajabu alikuwa anatazama mkeka. Alisema polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno yake usiku kucha.

"Nilijipima ujinga wangu mwenyewe, mwalimu, nikakushonea wewe. Nilidhani kwa kuwa mimi sijui, basi hakuna anayejua. Lakini wenzangu arobaini wamefaulu, wote, na wana kazi. Nimekaa nikafikiri. Watu arobaini hawawezi kukijua kitu ambacho hawakufundishwa. Kwa hiyo ulifundisha, mwalimu, ni mimi tu niliyekuwa sisikii. Na kwa ujeuri wangu nikakusingizia kwamba unatetemeka. Sitaki kazi, wala sikuja kuomba alama. Naomba tu unisamehe, nisije nikamlea mwanangu na laana ya mwalimu."

Nilifungua kinywa. Nawaapia, ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, na wala haukuwa mrefu. *Hata mimi sijui, Mwajabu.* Hivyo tu. Angeinuka pale sakafuni akiwa mtu mwenye akili zake, aliyeona alichokiona. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni. Mzee Bakuza alikuwa ananitazama kwa ile heshima ambayo watu huwapa wasomi na makaburi. Nishani ilikuwa imetundikwa ukutani.

"Inuka, mwanangu," nikasema. "Nimekusamehe."

Mwajabu akalia kwa furaha. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaubusu.